Mwalimu wa Taipu na Majina Yetu Saba

Siku ile nyumbani kwa Njeri tulikuwa watu tisa, na nitawataja wote kabla mtu hajasema nimeacha wengine makusudi. Alikuwepo Njeri mwenyewe, mwenyekiti wa kikundi chetu cha kusuka vyondo, vikapu vyetu vya asili, hapa Mutuini, aliyeolewa na binamu ya marehemu mume wangu. Alikuwepo Salome Wairimu, mjane, jirani yangu wa ua mmoja tangu sote tukiwa maarusi. Nduta na Beth Muthoni, dada wa tumbo moja. Wambui wa Gitau, tuliyeimba naye kwaya mpaka sauti zikatuacha. Gathoni, anayefuga kuku na kusema chochote kinachomjia mdomoni. Esther Nyokabi, mke wa mwanangu Kamau, ambaye siku hiyo alilia. Mimi. Na wa tisa ndiye aliyeitwa kujibu, mpangaji wangu wa nyumba ya tatu, tuliyemwita Mwalimu.

Jina lake nalijua. Mimi sisahau jina la mtu, hata wa kukutana naye mara moja kwenye foleni ya maji. Lakini lake sitaliandika, kwa sababu ni yeye aliyesema kwamba jina la mtu haliwekwi mahali mpaka mwenyewe aulizwe, na hilo sijamuuliza. Itoshe kwamba alikuwa mtu wa pwani, Mwislamu, anavaa mtandio wa kijivu na raba nyeupe, na alikaa kwangu miaka tisa.

Mara ya kwanza kuonana alinisalimu shikamoo. Huku kwetu watu wazima wanasema habari na vijana wanasema sasa. Shikamoo tunaisikia redioni. Nikajiuliza, huyu ananiheshimu namna hii anataka nini? Nikamwambia choo kina shida na maji hayaji Jumanne. Akasema, "Sawa, Mama Kamau, nitazoea." Mpangaji mzuri hivyo sikuwa nimemwona. Nikarudi jikoni nikasema moyoni, huyu nitamchunga.

Kazi yake ilikuwa kufundisha taipu mjini, ghorofa ya pili juu ya duka la vitambaa. Nilienda huko mara moja, kumpelekea funguo alizosahau. Chumba kilikuwa na wasichana kumi na wawili, na kila mmoja mikono yake imefunikwa kwa leso ili asione anachobonyeza. Yeye alipita nyuma yao na rula. Hakumpiga mtu. Alikuwa anagusa tu uti wa mgongo na kusema, "Mgongo." Basi mimi pia, mlangoni, nikajikuta nimenyooka.

Vidole vyake havikutulia. Ukiongea naye, vilikuwa vinachapa juu ya paja, juu ya meza, juu ya kikombe. Nilimwona hata kwenye mazishi ya mume wa Wambui, mchungaji anahubiri na yeye vidole vinakwenda. Nikamwambia Salome, "Huyu mwanamke anaandika kila kitu tunachosema." Salome akasema, "Aandike wapi, kwa rinda?" Lakini mimi sikucheka. Baadaye nilimuuliza mwenyewe, na hakukana. Akasema ndiyo, anayachapa maneno anayoyasikia, ni mazoea ya miaka, hayaendi popote. Kwamba hayaendi popote, hilo ni yeye alilosema.

Kufundisha kulikuwa ugonjwa wake. Alimfundisha Gathoni kuandika ujumbe wa simu, akamfundisha mjukuu wa Salome, Ciku, hesabu za sekondari bila kuombwa. Lakini ujaribu kumfundisha yeye kitu. Miaka tisa nilimwonyesha kupika mukimo, na miaka tisa alisaga viazi vikawa uji, akasema namna yake ni sawa. Aliogopa ng'ombe. Ng'ombe wangu, mnyama mzee asiye na pembe, akipitishwa uani Mwalimu anafunga mlango kwa ufunguo. Mtu anayeogopa ng'ombe na haogopi kutembea mjini peke yake na laptopu begani, utamwelewa vipi?

Kisha watu wakaacha kulipa kufundishwa taipu, maana watoto wanazaliwa na simu mkononi. Wasichana kumi na wawili wakawa watano, wakawa wawili. Mwanafunzi wake mmoja wa zamani alikuwa sasa na ofisi Hurlingham, ya kutengeneza maduka ya kwenye simu. Mwalimu akaenda kukaa chini ya mwanafunzi wake, akajifunza upya. Nywele zilikuwa zimeingia mvi. Hilo nitalisifu bila kushuku.

Ni yeye aliyesema vyondo vyetu viuzwe kwenye simu. Tulikuwa tumechoka na madalali wa mjini, wanaochukua kiondo, wanakata kile kibandiko cha jina, na kukiuza kama kimetoka hewani. Mwalimu akatuambia, "Kwenye hili duka, chini ya kila kiondo litakaa jina la aliyekisuka, na neno lake. Mnunuzi hawezi kulikata." Salome ndiye aliyependa zaidi. Alikuwa anamalizia kiondo cha mtindo wa mama yake, milima miwili na mto katikati, na vidole vyake vilikuwa vimeanza kukataa. Alisema wazi kwamba hicho huenda ni cha mwisho. Alitaka kiondoke na jina lake.

Mwalimu alituelezea duka hilo barazani kwangu, vyondo vimepangwa mbele yake. Alisema duka lina mbele na lina nyuma. Mbele ni picha na rangi, na hizo zilitengenezwa na kijana wa pale Hurlingham. Nyuma ndiyo kazi yake yeye, mahali mteja hapaoni, kama jikoni la hoteli. Na hilo jikoni linahitaji stoo. Yeye aliita hifadhidata, sisi tukaita stoo, tukaelewana.

"Stoo yenyewe iko wapi?" nikauliza.

"Kwenye wingu."

Beth akaangalia juu. Mwalimu akasema siyo hilo, ni kompyuta za watu wengine, ziko mbali, tunakodi nafasi ndani yake.

"Kwa hivyo sisi ni wapangaji," nikasema.

"Ndiyo, Mama Kamau. Huko wewe ni mpangaji."

Wenzangu walicheka. Mimi nililiweka hilo neno mahali.

Akasema kuna stoo za aina mbili. Moja ni kama rejista ya shule, mistari imechorwa, kila mtoto lazima ajaze kila kisanduku, na asiye na la kujaza anaonekana ana upungufu. Yetu haikuwa hiyo. Yetu kila mtu ana faili lake, na faili la mmoja linaweza kuwa na jambo ambalo la mwingine halina. Salome ana jina la mtindo, Gathoni hana, na stoo haimuulizi Gathoni kwa nini. "Inataka kitu kimoja tu," akasema. "Kila faili liwe na namba yake, ya kulitambua. Tutatumia namba ya simu, maana hiyo kila mtu anayo na hazifanani." Wote wakasema sawa. Mimi nilinyamaza, kwa sababu ninazoziona mimi kwenye namba za simu ni zile sauti zinazopiga mchana zikisema umeshinda zawadi, tuma kitambulisho.

Kuunganisha lile jikoni na ile stoo kulimchukua wiki mbili. Kule mjini darasani ilifunguka. Akija hapa Mutuini inakataa. Alikaa barazani na laptopu, anasoma maneno mekundu.

"Imenikataa," akasema.

"Si ulisema ni yako?"

"Ni yangu. Lakini haijui ninakotokea. Inataka kila mahali ninapofungulia niwe nimepaandikisha."

"Na hapa hujapaandikisha?"

"Nimepaandikisha jana. Leo intaneti imebadilisha anwani, hapa pamekuwa pengine."

Mimi nimeishi kwenye kiwanja hiki tangu barabara ikiwa ya udongo, na sasa naambiwa pamekuwa pengine. Yule kijana wa Hurlingham alimwambia kwa simu, nikisikia, aachie tu ifunguke kutoka popote duniani, shida iishe. Mwalimu akamwambia, "Ndani mna majina ya watu. Nitaandikisha moja moja hata kama nitazeekea hapa." Mtu mwingine angeona hapo uaminifu. Mimi nikaona mtu anayejua thamani ya kitu anachokificha.

Na alificha kweli. Kulikuwa na mstari mmoja mrefu, wa herufi na namba na alama, ambao ndio ufunguo. Akiufungua, anafunika kioo kwa daftari. Alisema hata kwenye kazi yenyewe hauandikwi, unawekwa faili la pembeni, ili akimpa mtu kazi asome asije akampa na ufunguo. Nakala moja aliandika kwa mkono, akaitia kwenye mkebe wa majani ya chai.

Najuaje? Niliingia. Mwenye nyumba ana funguo za nyumba zake, na nilikuwa na sababu, paipu ya sinki ilikuwa imevuja wiki iliyopita. Nikaangalia paipu. Kisha nikafungua mkebe. Karatasi ilikuwa na maneno yasiyosomeka kwa lugha yoyote, nikairudisha kama ilivyokuwa, nikatoka nimeudhika, maana mtu akishavunja adabu angalau aone kitu. Kesho yake asubuhi tulikutana kwenye kamba ya nguo.

"Mama Kamau, paipu imepona?"

"Imepona."

"Alhamdulillahi. Nami nimebadilisha ufunguo."

Hakununa. Akanisaidia kuanika blanketi. Nimefikiria hiyo asubuhi mara nyingi kuliko ninavyofikiria harusi yangu.

Sasa nije kwenye lenyewe.

Duka lilikuwa tayari Ijumaa. Mwalimu alikuwa ameliingiza faili la Njeri mwenyewe, kujaribu, na likakaa vizuri. Mimi alinipa kazi ya kuwaingiza waliobaki, kwa kuwa ndimi ninayewajua wote na habari zao. Alinifungulia ukurasa kwenye simu ya Kamau. Jina, neno la msukaji, namba ya simu, picha ya kiondo. Akaniambia, "Kila mtu na namba yake mwenyewe," akaenda mjini kufundisha wale wasichana wawili.

Nilikaa na ile simu tangu chai ya saa nne mpaka mchana. Nilifika darasa la nne tu, na kidole changu ni kinene. Niliandika Salome, na milima yake na mto. Nilipofika kwenye namba, nikasimama. Namba ya Salome niitie kwenye wingu la watu ambao sijui nyumba yao? Nikaweka yangu. Nikajiambia, wakitaka kutuibia waanze na mimi. Na isitoshe wateja wetu wote wa zamani hupiga yangu, na nikisikia sauti tu najua wanamtaka nani. Nikaandika Nduta, namba yangu. Beth, namba yangu. Wambui, Gathoni, mimi mwenyewe, na wa mwisho Nyokabi. Wote saba namba moja.

Mwalimu alipiga simu kutoka mjini. "Umemaliza? Kila mtu umemwekea namba yake?"

Nikasema, "Ndiyo."

Ni neno dogo. Niliona nimewalinda wenzangu dhidi yake.

Jumamosi, Ciku alifungua duka amwonyeshe nyanya yake. Vyondo vyote vilikuwepo, kila kimoja na picha yake. Lakini chini ya cha Salome, milima miwili na mto, paliandikwa: kimesukwa na Esther Nyokabi. Chini ya cha Nduta, Nyokabi. Cha Beth, Nyokabi. Ukiondoa vya Njeri, vyondo vya Mutuini nzima alikuwa amevisuka mke wa mwanangu. Na ofisi nyingine huko Hurlingham ilikuwa imeshaandika ujumbe: wamependa kile cha milima, wanataka kukinunua wakitundike ukutani pamoja na jina na picha ya Bi. Nyokabi aliyekibuni.

Salome alikuja kwangu akitembea polepole. Hakupiga kelele. Alisema, "Mtoto wako amejifunza mtindo wa mama yangu lini?" Akageuka, akaondoka.

Jumapili baada ya kanisa, kabla ya ule mkutano wa nyumbani kwa Njeri, Mwalimu alikuja jikoni kwangu na laptopu wazi. Alikuwa ameshaangalia.

"Mama Kamau, hii namba ni yako?"

"Ni yangu."

"Ya Salome ni ipi?"

"Hiyo hiyo."

"Ya Nduta?"

"Hiyo hiyo."

Hakuuliza ya Beth. Alikaa kwenye kigoda, vidole vimetulia. Ilikuwa mara ya kwanza kuviona vimetulia. Akanieleza taratibu, bila ukali. Faili likija na namba ambayo ipo tayari, stoo haisemi hapa pana mtu. Inamwondoa aliyekaa na kumkalisha aliyekuja. Picha zinakaa mbele, hazitolewi, lakini kila moja inaita jina lake stoo kwa namba. Nilimtoa Salome nikamweka Nduta, nikamtoa Nduta nikamweka Beth, hivyo hivyo mpaka Nyokabi, ambaye hakutolewa kwa sababu hakukuwa na wa kumfuata. Akasema, "Na mimi ningeweza kuizuia. Ni mstari mmoja wa kuangalia kwanza kama pana mtu. Sikuuandika, kwa sababu uliniambia ndiyo."

Nilidhani atayasema hayo yote mbele ya watu. Nilijiandaa. Nilivaa hata kitambaa kipya cha kichwa, ili nikiaibishwa niwe nadhifu.

Njeri alianza kwa upole, na hiyo ndiyo hatari yake. "Mwalimu, hatukukuita kwa ubaya. Tunataka tu kujua nani alikutuma."

"Hakuna aliyenituma."

"Basi Nyokabi alijiweka mwenyewe?"

Nyokabi akasema, "Mimi hiyo kitu sijui hata kufungua. Simu yangu ni kabambe, ya kupiga na kupokea tu."

"Wenye kabambe ndio wajanja," Gathoni akasema. "Hawashikwi."

"Wacha mtoto alie amalize," Wambui akasema, "ndio umtukane."

Salome alikuwa hajagusa chai. "Sitaki kelele za watu. Nataka kujua jina langu liko ama haliko."

"Haliko, mama," Mwalimu akasema. "Liliandikwa, kisha jingine likaandikwa mahali pake."

"Na nani?"

Mwalimu aliangalia kikombe chake, na kisha aliniangalia mimi, si kwa muda mrefu. Nami niliangalia kuku wa Njeri.

"Ni kazi yangu," akasema. "Sikuweka ulinzi. Stoo ilikubali majina yakaliane, na aliyeitengeneza ni mimi."

"Hiyo ni Kiswahili ya kuficha mtu," Njeri akasema. "Imekuwaje abaki mkwe wa mwenye nyumba wako? Si mtoto wa Beth, si wa Gathoni. Unaishi kwao, unataka kuwapendeza."

"Ama unataka upunguziwe kitu," Nduta akasema.

Walimhoji mpaka chai ikapoa. Hakubadilisha maneno. Wakaamua akabidhi ufunguo wa stoo kwa kijana wa Hurlingham, asiguse tena. Nduta, au alikuwa Beth, akasema mtu kama huyo hata kuishi katikati yetu si vizuri. Wote wakanigeukia, kwa kuwa nyumba ni yangu. Nilikuwa na mdomo. Nikasema, "Mwenyewe ataona."

Akaona. Jioni hiyo kabla jua halijazama alikuja kusema atahama mwisho wa mwezi.

Lakini hakuondoka na majina yetu yamepotea. Kijana wa Hurlingham alisema faili zilizoondolewa hazirudi, na nakala ya akiba hakuna, duka lilikuwa la siku moja. Mwalimu akamwomba ampe siku mbili kabla ya kukabidhi. Alikuja barazani kwangu mchana wa Jumatatu na wa Jumanne. Hakuomba karatasi, maana alijua sina. Akasema, "Nitajie."

Nikamtajia. Salome Wairimu, binti wa Nyakio, aliyefundishwa na mama yake milima ile akiwa na miaka minane, chini ya stoo ya mahindi. Nduta, anayeanza kiondo kwa kushoto kwa kuwa mkono wa kulia uliungua. Beth, anayetia uzi mwekundu mahali pamoja tu, na hasemi kwa nini. Nilimtajia watu saba na mama zao, na yeye anachapa bila kuangalia mikono, mgongo umenyooka. Safari hii kila faili lilipewa namba na stoo yenyewe, si simu. Na akauandika ule mstari wa kuangalia kwanza kama pana mtu. Alinionyesha. Ulikuwa mfupi kweli.

Siku hizo zote mbili nilikuwa na nafasi ya kumwambia twende kwa Salome. Badala yake nilikuwa nikimwangalia na kujiuliza anataka nini. Mtu anabebaje kosa la mwingine bure? Labda ananiwekea akiba, siku moja atanidai. Labda amechukua nakala ya majina. Nilimwuliza hata hivyo, kama ana nakala. Akaacha kuchapa. "Mama Kamau," akasema, "nikiwa na nakala ningekuwa hapa?"

Kiondo cha milima kilienda Hurlingham na jina la Salome Wairimu. Ciku alinionyesha picha, kipo ukutani nyuma ya meza ya mapokezi, jina limeandikwa vizuri chini yake. Mwalimu alihama Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na mizigo ikatosha kwenye pikapu moja. Mkebe wa chai alinipa, mtupu.

Sikumwona tena mpaka mwaka huu. Nilienda kliniki ya macho Hurlingham, ile barabara ya Argwings Kodhek, Nyokabi amenisindikiza akaenda kununua maji. Kwenye benchi alikuwepo mwanamke wa mtandio wa kijivu, amefungwa jicho moja. Nilimjua kwa vidole.

"Mwalimu," nikasema.

Akageuza kichwa taratibu. "Mwenye nyumba."

Miaka tisa alikuwa ameniita Mama Kamau. Nikakaa. Nikamwuliza hali ya jicho, akasema ni mtoto wa jicho, limeshafanyiwa upasuaji, linangojwa la pili. Alisema bado anafundisha, siku mbili kwa wiki, sasa ni vijana wanaojua kompyuta na hawajui kuandika barua. Akauliza Salome yuko vipi. Nikasema yuko, hasuki tena, anasomewa na Ciku.

Nikasema, "Kwa nini ulinibebea?"

"Sikukubebea. Sehemu yangu ilikuwa kweli yangu."

"Na yangu?"

"Ningesema mimi nani angeamini? Mpangaji, mtu wa pwani, na wewe umekaa pale na kitambaa kipya. Wangesema namtupia mwenye nyumba kosa langu. Kwa hiyo nikasema sehemu yangu, nikanyamaza, nikakungoja useme yako. Nilingoja chai ile yote. Nikangoja Jumatatu na Jumanne. Ulikuwa unanitajia hadi kovu la mkono wa Nduta, nikasema sasa atasema." Akarekebisha bandeji ya jicho. "Nilikuwa nahamisha vitu na bado naangalia mlango wako."

Nilitafuta ndani yake kitu cha kushuku, kama nilivyozoea, na sikukipata, na kukosa huko kuliniumiza kuliko angenitukana. Nikamwuliza kama amenisamehe. Akasema, "Uliniambia ndiyo mara moja na haikuwa ndiyo. Na mimi ndiyo yangu nisikuharakishie." Muuguzi akaita jina lake, lile nisiloliandika, akainuka amenyooka akaingia ndani.

Nyokabi aliporudi na maji nilimwambia yote, hapo hapo kwenye benchi. Alikunywa maji yake kwanza. Halafu akasema, "Mama, watu kanisani waliniita mwizi mwaka mzima." Hajasema lingine mpaka leo, na chakula ananipa.

Kwa hiyo nimeandika, na Ciku ataipitisha kwa simu kwa kila aliyekuwepo, na kwa Salome atasoma kwa sauti. Nimeweka ninavyokumbuka. Kama ni Beth na si Nduta aliyesema ahame, wagawane wenyewe. Kama Gathoni hakusema hilo la kabambe, aseme alisema nini. Labda ni Jumatatu na Jumatano, si Jumanne. Njooni mnisahihishe, nitafuta niandike tena. Ile namba niliiweka mimi, mara saba, kwa kidole hiki, na nilipoulizwa nikasema ndiyo. Hapo pia, kama kuna anayekumbuka vingine, aje upesi. Nitamwekea kiti na nitamsikiliza kwa furaha.